Ukurasa Alioahidi Kutouonyesha

Bilyana Stoeva alikuwa na kazi ambayo watu wengi wa Gorni Brod hawakujua waiiteje. Wengine walimwita daktari wa penseli, wengine yule mama wa vibanio, kwa sababu mkoba wake ulijaa vibanio vya nguo, udongo wa kuchezea, kamba za sufi na vibao ambavyo mumewe alimkatia kwa plaiwudi. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka mingi, kisha akarudi chuoni kusomea watoto wenye mahitaji maalumu, na wilaya ikamkabidhi shule zote za mji na za vijiji vya mlimani. Kazi yake hasa ilikuwa na walimu. Alikaa nyuma ya darasa, akatazama, halafu wakati wa mapumziko akanywa kahawa na mwalimu na kumwambia alichokiona. Baadhi walimpenda. Baadhi walificha vikombe walipomwona akiingia getini.

Todorka Mineva alikuwa wa hao wa kuficha vikombe. Alikuwa mwalimu wa zamani, mwenye mwandiko ambao wazazi wote wa mji walijifunza kwake, na hakuona kwa nini mtu mwingine aje kukaa nyuma ya darasa lake. Alimwita Bilyana kwa sababu mkuu wa shule alimwamuru.

"Mtoto mwenyewe mvivu tu," alisema siku ya kwanza, wamesimama koridoni. "Mdomo wake unakwenda kama redio. Mpe penseli, anageuka gogo."

"Akikosea unamfanyaje?"

"Anarudia ukurasa. Kwani sisi tulijifunzaje, Bi Stoeva? Kwa kubembelezwa?"

Mtoto huyo aliitwa Nevena, binti wa Asen anayeziba matairi karibu na daraja. Alikuwa darasa la pili. Mama yake alikuwa akifanya kazi Uhispania, na nyumbani alilelewa na baba yake na bibi yake, Yordana. Alisoma vizuri, alihesabu vizuri, na akisimulia jambo darasa zima liligeuza shingo. Lakini alipoandika, mabega yalimpanda mpaka masikioni. Miguu ilining'inia bila kufika sakafuni. Penseli aliikaba kana kwamba ingemtoroka, akaikandamiza hata maandishi yakahisika kwa vidole upande wa pili wa karatasi. Mwandiko wetu wa kuunganisha una herufi nyingi ambazo ni vijiti vidogo vilivyoshikana mikono, na ukikosea kijiti kimoja neno zima linageuka jingine. Maneno ya Nevena yalikuwa kama ua wa vijiti ambao ng'ombe wamepita katikati yake.

Bilyana alitazama kipindi kizima. Kisha akamvuta Todorka pembeni.

"Mwalimu, huyu si mvivu. Humu ndani hakuna anayefanya kazi kumzidi. Umeuona mkono wake? Umeloa jasho kwa mistari mitatu."

"Basi mbona matokeo hayaonekani?"

"Kwa sababu kila herufi anaichora upya kama picha. Mkono wake haujui herufi inaanzia wapi. Ukimpa arudie ukurasa, anarudia kosa lilelile ukurasa mzima, na mwisho mkono unakuwa umelikariri kosa."

Kesho yake chini ya dawati la Nevena palikuwa na sanduku la kukanyagia, na juu ya dawati kibao cha plaiwudi kilichoinama kama paa. Bilyana alimwonyesha mwalimu jinsi ya kukata penseli iwe fupi ili vidole vikose nafasi ya kuikaba. Alimwonyesha jinsi ya kuzipanga herufi kwa mwendo wake, zinazoanza kwa kupanda pamoja, zinazoanza kwa kuzunguka pamoja, badala ya kufuata mpangilio wa kitabu. Mistari miwili iliyoandikwa vizuri, basi, mtoto apumzike. Todorka aliguna, akafanya. Kufikia majira ya kuchipua ua ule ulikuwa umeanza kusimama.

Siku ya herufi, sikukuu yetu ya alfabeti, ilifika mwishoni mwa Mei. Siku hiyo shule nzima hupita barabarani na herufi kubwa za kadibodi na mataji ya maua, bendi mbele, meya nyuma. Bibi Yordana alikuwa amesuka taji kwa maua ya bustani yake na kuliweka kibarazani lisinyauke. Asubuhi wakakuta mbuzi wake amelila, limebaki waya. Nevena alitembea kwenye maandamano akiwa na waya uliozungushiwa majani ya mzabibu, akicheka njia nzima. Wiki iliyofuata aliiandika habari ile mwenyewe, bila kuambiwa, karibu ukurasa mzima. Wakati wa mapumziko alimfuata Bilyana koridoni na kumpa karatasi imekunjwa mara nne.

"Hii ni yako," alisema. "Lakini usimwonyeshe mtu. Mwandiko bado mbaya."

"Simwonyeshi mtu."

"Hata mwalimu?"

"Hata mwalimu. Nakuahidi."

Bilyana aliisoma ndani ya gari, akalia kidogo kwa furaha, akaiweka kwenye faili lake.

Mapema Septemba, kabla shule hazijafunguliwa, wilaya ilikusanya walimu wa madarasa ya chini katika ukumbi wa utamaduni, Bilyana awafundishe kuhusu watoto wenye shida ya kuandika. Ilikuwa siku ya joto. Alianza vizuri, lakini baada ya chakula cha mchana ukumbi ulilala. Mwalimu mmoja wa kijijini alikuwa akimenya mbegu za alizeti kwenye kiganja. Mwingine alifuma soksi. Nyuma kabisa mtu alikoroma, na waliokuwa karibu naye wakawa wanapigana viwiko kwa kicheko. Bilyana aliona maneno yake yanaanguka sakafuni. Alikuwa na picha za maandishi ya watoto kwenye kompyuta yake, za vitabuni, safi, zisizomhusu mtu. Na alikuwa na picha ya ukurasa wa Nevena, aliyoipiga ili awe nayo tu.

Baadaye alijiambia mara nyingi kwamba alitaka wauone utajiri uliojificha nyuma ya mwandiko mbaya. Hilo lilikuwa kweli. Lakini kweli nyingine ilikuwa ndogo na chafu zaidi: alitaka wamtazame. Alifunika jina kwa kisanduku cheusi kwenye kompyuta, akauweka ukurasa ukutani, mkubwa kama mlango wa kanisa.

"Nani anaweza kunisomea mstari wa kwanza?" aliuliza.

Milka Draganova alisimama. Alifundisha darasa la nne shule moja na Todorka, mwanamke mchangamfu, mwenye sauti, anayejua kuuchekesha ukumbi. Sasa, katika lugha yetu ya huku Gorni Brod, neno la mbuzi na neno la nywele yanatofautiana kwa herufi moja tu, na herufi hiyo Nevena alikuwa ameikosa.

"Nywele za bibi," Milka alisoma taratibu, akikunja macho, "zimekula... zimekula taji lote la maua!"

Ukumbi uliamka. Yule wa mbegu alimwaga mbegu. "Tusomee tena hizo nywele!" mtu alipiga kelele. "Bibi gani huyo, tumpelekee kitana!" Milka akaendelea: nywele za bibi zimepanda kibarazani, nywele za bibi zimepigwa fagio, na kila mstari watu wakazidi kushika mbavu. Na Bilyana alicheka pamoja nao. Hicho ndicho kitu ambacho hakuweza kujisamehe. Alisimama pale mbele, amefurahi kwamba wameamka, akangoja kicheko kiishe ili aendelee na somo.

Todorka alikuwa safu ya tatu. Hakucheka. Mtaa mzima ulimjua yule mbuzi.

Milka hakuwa mtu mbaya. Alifika nyumbani, mezani akasimulia kichekesho cha siku, kama mtu yeyote angefanya. Binti yake alisoma darasa moja na Nevena, na alikuwepo kwenye maandamano ya Mei, akauona ule waya wenye majani. Hakuhitaji kuambiwa jina.

Siku ya kufungua shule watoto wote walikuja na maua kwa walimu wao, kama kawaida. Nevena alikuja na maua mekundu ya bibi yake, nywele zimesukwa, amevaa blauzi nyeupe.

"Jamani, yashikeni vizuri maua yenu!" binti wa Milka alipaza sauti. "Nywele za bibi zisije zikayala!"

Wanne walicheka, kisha kumi, kisha uwanja. Mpaka mchana jina lake lilikuwa Nywele za Bibi. Nevena hakulia. Aliingia darasani, akakaa, na Todorka, aliyepanda na darasa lake hadi la tatu, alipogawa madaftari, Nevena alivikalia viganja vyake. Hakuandika siku hiyo, wala kesho yake, wala wiki ile. Akiulizwa alijibu kwa mdomo, kwa heshima. Penseli hakuigusa.

Todorka alimpigia Bilyana simu.

"Ulipata wapi ule ukurasa?"

"Alinipa mwenyewe."

"Alikupa akikwambia nini?"

"Nilifunika jina, Bi Todorka."

"Na mbuzi? Mbuzi ulimfunika?" Todorka alihema kwenye simu. "Mimi nimemfanya mtoto huyu arudie kurasa ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Nimemwita mvivu mbele ya wenzake. Lakini hakuwahi kuacha kuandika. Leo ameacha."

Bilyana alikata simu akakaa kwenye ngazi za nyumba yake na viazi visivyomenywa. Mumewe alipouliza kuna nini, alimwambia kichwa kinauma. Aliona haya kumwambia hata yeye.

Jumamosi alikwenda kwa Asen. Njiani aliandaa maneno na kuyabomoa. Asen alikuwa chini ya gari, akatoka na mikono myeusi, akamsikiliza amesimama. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusema kidogo, na upole wake siku ile ulikuwa mgumu kuubeba kuliko matusi.

"Mimi na mama tulikuwa tunakusifu kila jioni," alisema. "Bi Stoeva hivi, Bi Stoeva vile. Ulimfungua mtoto wangu ukamwacha wazi barabarani."

"Nimekuja kumwomba radhi, Bwana Asen. Na ukiniruhusu niendelee naye..."

"Radhi mwombe. Kuendelea, hapana. Usimkaribie na penseli zako."

Bibi Yordana alimkaribisha jikoni, akamwekea mtindi na kipande cha mkate wa jibini, kwa sababu mgeni ni mgeni, halafu akasimama na mikono kiunoni.

"Kula," alisema. "Kula ili nipate nguvu ya kukugombeza. Umesoma vyuo viwili, mwanangu, na hukujua kwamba mtoto akisema usionyeshe, maana yake usionyeshe?"

"Nilijua, mama."

"Ulijua! Afadhali ungesema hukujua."

Nevena aliitwa. Alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Bilyana alisema yote, bila kujitetea kwa jina lililofunikwa, bila kusema alitaka kusaidia. Alisema alivunja ahadi, na kwamba watu walipocheka na yeye alicheka.

"Ulicheka na wewe?" Nevena aliuliza. Hilo hakuwa akilijua.

"Nilicheka."

"Ulisema hata mwalimu hutamwonyesha," mtoto alisema, akaenda zake uani.

Bilyana alitoka bila kumaliza mtindi. Kwa siku kadhaa alizunguka shule nyingine akifanya kazi yake vibaya. Kila mtoto aliyemwonyesha daftari, alihisi kama anapokea kitu asichostahili kushika. Aliandika barua ya kuacha kazi, akaichana, akaandika nyingine. Hakuipeleka, kwa sababu Todorka alimtangulia: alifika ofisini kwake bila taarifa, akiwa amevaa koti lake la mvua, akaketi kabla hajakaribishwa.

"Baba amekukataza usimguse," alisema. "Mimi hajanikataza. Nifundishe mimi."

"Nilishakufundisha, Bi Todorka."

"Ulinionyesha. Nikafanya kwa sababu mkuu wa shule alitaka. Sasa nataka mwenyewe. Na usinionee huruma, nikikosea niambie."

Wakawa wanakutana kila Alhamisi katika duka la keki nyuma ya soko. Todorka alileta maswali kama mwanafunzi, Bilyana alijibu. Kitu cha kwanza alichomwambia kilimshangaza mwalimu yule: asimlazimishe Nevena kuandika. Amwache asimulie, na Todorka mwenyewe amwandikie, maneno yaleyale, bila kuyanyoosha, ili mtoto ajue kwamba habari zake bado zinatakiwa. Kitu cha pili: asimpe chochote cha peke yake. Darasa zima liandike limesimama, ubaoni, kwa chaki, herufi kubwa za mkono mzima. Darasa zima lipate mistari mipana. Darasa zima lichague penseli ndefu au fupi.

"Na alama?"

"Habari ipe alama yake. Mwandiko usihesabu humo."

"Miaka yote nimetoa alama moja kwa vyote."

"Najua. Na mimi nilitoa hivyo nilipokuwa darasani."

Todorka alipovijaribu vitu hivyo kwa darasa zima, aligundua jambo lililomnyima raha. Hakuwa na mtoto mmoja mwenye shida. Alikuwa na watatu. Mmoja alikuwa akiandika taratibu mno na kumaliza kazi wakati wa mapumziko, kila siku, bila kwenda kucheza, na Todorka alikuwa akimsifu kwa bidii yake. Mwingine alinakili kwa jirani kwa sababu kutazama ubao na kurudi daftarini kulimpoteza. "Walikuwa mbele ya macho yangu," alimwambia Bilyana, akikoroga kahawa iliyokwisha kupoa. Bilyana aliagiza keki nyingine.

Jina la utani halikushughulikiwa na mwalimu wala mtaalamu. Bibi Yordana alilishughulikia mwenyewe, kwenye foleni ya mkate, asubuhi moja ya Oktoba, Milka Draganova akiwa mbele yake. Alivua kitambaa cha kichwa mbele ya foleni nzima, nywele zake nyeupe zikamwagika mabegani.

"Milka, mwanangu, zitazame vizuri. Hizi hapa. Wanasema zimekula maua. Zimekula nini kingine? Maana nimeona mikate imepanda bei, nisije nikasingiziwa."

Watu walicheka, safari hii upande mwingine. Milka aliwaka uso mpaka shingoni. Jioni ile alimleta binti yake kwa miguu hadi kwa Asen, na mtoto akaomba radhi huku akitazama viatu. Jina lilipungua. Halikufa kabisa, majina katika mji wetu hayafi. Lakini lilibaki kwa wachache, na waliolitumia walionekana wapumbavu.

Novemba wilaya ilimtaka Bilyana awakusanye walimu tena, ukumbi uleule. Alikuja bila kompyuta. Aliweka mezani glavu nene za sufi na akawaomba kila mmoja avae moja kwenye mkono asioandikia, ashike penseli kwa mkono huo, aandike kile ambacho yeye atawasomea. Akaanza kusoma, kwa kasi ya mwalimu mwenye haraka. Akapita katikati ya safu akisema yale ambayo sote tumeyasema au kuyasikia: "Mbona unachelewa? Tazama mwenzako. Hivi ndivyo ulivyofundishwa? Futa, anza upya." Mwanzoni walicheka. Baada ya mistari michache ukumbi ulinyamaza. Yule mwalimu wa mbegu aliitupa penseli chini, akasema, "Sitaki tena, bwana, niache!" na sauti yake ilitoka kama ya mtoto, hata yeye mwenyewe akashtuka.

Ndipo Bilyana akawaambia. Hakumtaja mtoto, lakini alijitaja mwenyewe. Alisema kwamba mwezi wa tisa alisimama mahali hapo na ukurasa aliopewa kwa siri, akaugeuza kichekesho, na kwamba mtoto mwenye ukurasa ule hajashika penseli tangu siku shule zilipofunguliwa.

"Tulicheka sote," Milka alisema kutoka kwenye kiti chake, hakusimama. "Si wewe peke yako."

"Ninyi hamkuwa mmeahidi kitu," Bilyana alijibu.

Alitazamia kwamba baada ya kusema atahisi wepesi. Hakuhisi. Alikusanya glavu, walimu wawili wakabaki kumwuliza kuhusu watoto wao, akawajibu, akarudi nyumbani akiwa kama alivyokuja.

Nevena aliandika tena kabla ya theluji kuyeyuka. Hapakuwa na sherehe. Todorka alikuwa akiandika ubaoni habari aliyokuwa akisimuliwa, akakosea neno, kwa bahati mbaya kweli, na Nevena, ambaye hakuweza kuvumilia habari yake iharibiwe, alitoka kitini, akachukua chaki na kulisahihisha. Kisha akaendelea sentensi ile mpaka mwisho, herufi kubwa, zilizopinda. Todorka alisimama pembeni akajifanya anatafuta kifutio. Alhamisi hiyo alimweleza Bilyana kwenye duka la keki.

"Nenda ukamwone," Todorka alisema.

"Baba yake alikataza."

"Atakuruhusu sasa."

"Sitamwomba."

Mwandiko wa Nevena haukuwa mzuri hata baadaye. Ulisomeka, basi, na kwa kazi ndefu alipewa ruhusa ya kupiga chapa. Todorka alistaafu darasa lile lilipomaliza la nne, na walimu vijana walimfuata nyumbani kumwuliza mambo ya vijiti na mizunguko, naye aliwajibu kwa ukali uleule wa zamani.

Bilyana aliendelea na shule zake. Hakuwahi tena kuchukua karatasi ya mtoto. Alizisoma palepale dawatini, akazirudisha. Walimu waliona ni utaratibu wa kazi. Nevena akikutana naye mjini alimwamkia kama watoto wanavyoamkia watu wazima, wala hakuwa na chuki usoni, na Bilyana aliitikia, kisha siku yake ikawa imeharibika.

Nevena alipokuwa na miaka kumi na mitatu alimsimamisha nje ya posta.

"Bi Stoeva, una dakika?"

"Ninayo." Kisha, kabla hajajizuia: "Nevena, mimi bado..."

"Nilikusikia ile mara ya kwanza," msichana alisema, si kwa ukali. "Sikia, binti wa mjomba wangu yuko darasa la kwanza, kule Dolna Luka. Mwalimu wake anamwambia ni mzembe. Nimemtazama anavyoandika. Si mzembe."

"Anaitwa nani mwalimu?"

"Simjui jina. Kijana, mweusi wa nywele. Nenda ukazungumze naye. Usimfokee, nadhani hajui tu."

"Nitakwenda Jumanne."

"Sawa," Nevena alisema. Alipandisha begi begani, akavuka barabara kuelekea kwa wenzake waliokuwa wakimngoja, na Bilyana akabaki kwenye ngazi za posta, akitafuta kwenye simu namba ya shule ya Dolna Luka.